Skrini ya Mama Gaudensia

"Zima," Danford akasema.

Emelyne akashusha swichi kuu. Feni ya darini ikapunguza mwendo ikasimama, friji ya dawa za vipimo ikaguna ikanyamaza, na skrini nne za maabara, zenye maandishi yao ya kijani, zikafa kwa pamoja. Kilichobaki hai ni mashine kuu chini ya dirisha, sanduku pana la rangi ya maziwa yaliyolala, lililoendelea kunguruma kwa betri yake ya akiba huku likilia pii, pii, kulalamikia umeme.

"Rudisha. Kisha skrini."

Akapandisha swichi. Akaanza na skrini ya mlangoni, pale wagonjwa wanapoandikishwa. Akaja ya meza ya malaria, akaja ya meza ya makundi ya damu, akamalizia ya kona, ya mkuu wa maabara. Zilikuwa skrini za zamani, nene mgongoni, zisizowaka papo hapo. Kwanza zilipasha moto, ndipo ikatokea nukta, ndipo yakafuata maandishi. Danford alikwishaketi kwenye meza ya makundi ya damu, vidole juu ya kibodi. Skrini ilipomuuliza jibu akaandika B, akabonyeza, kisha akainuka kwenda kutazama kwenye skrini ya kona jibu limeangukia kwa nani.

"Dagaa," akasoma, na sauti yake ikashuka. "Limekwenda kwa Dagaa tena."

Emelyne akajua wameshindwa tena.

Dagaa na Ubwabwa walikuwa wagonjwa wa uongo, waliobuniwa na Danford asubuhi ile akiwa bado ana moyo wa kutania. Faili la Ubwabwa lilifunguliwa kwenye skrini ya mlangoni, la Dagaa kwenye skrini ya makundi ya damu. Umeme unakatwa, unarudishwa, kisha jibu linaandikwa kwenye skrini ya makundi ya damu. Likienda kwa Dagaa, mashine ni nzima na Mama Gaudensia ndiye mkosaji. Likienda kwa Ubwabwa, mashine ndiyo mwongo. Tangu asubuhi Dagaa alikuwa amepimwa damu kuliko mgonjwa yeyote wa Mpanda, na Ubwabwa hajaambulia hata jibu moja.

Mgonjwa wa kweli aliitwa Marsela. Aliletwa kutoka kijiji cha Mamba akivuja damu baada ya kujifungua, siku ambayo umeme ulikuwa ukikatika na kurudi kama unavyotaka wenyewe. Mashine ilionyesha kuwa damu yake ni kundi B. Wodini walikuwa na haraka, hawakungoja kipimo cha kulinganisha damu ya mfuko na ya mgonjwa, mfuko ukatundikwa. Marsela alikuwa kundi O. Mfuko haujafika nusu alianza kutetemeka, na jioni mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya mkandaa. Sasa alikuwa amelazwa Mbeya, figo zake zinasaidiwa na mashine, na kichanga chake kinakunywa maziwa ya kopo mikononi mwa bibi yake.

Hospitali ilihitaji mtu wa kuubeba mzigo huo, na mtu alipatikana upesi, kwa sababu jibu lile liliandikwa kwa namba ya siri ya Gaudensia. Wale ambao hawakungoja kipimo cha kulinganisha walikuwa wengi na walikuwa na vyeo. Gaudensia alikuwa mmoja, mama wa makamo aliyezaliwa hukohuko Mamba, anayesali misa ya kwanza na kuja kazini na chakula chake kwenye hotipoti. Sisemi zaidi.

Kumbukumbu za mashine zilisema jibu lilitoka kituo cha kwanza, yaani skrini ya mlangoni. Gaudensia hakai mlangoni, anakaa kwenye meza ya makundi ya damu. Basi uongozi ukaamua kwamba aliinuka kwenye kiti chake, akaenda mlangoni kwa sababu anazozijua mwenyewe, na hapo akaandika jibu la mtu mwingine kwenye faili la Marsela. Alipoitwa kujieleza alisema neno moja tu.

"Sikuinuka."

"Mashine haina sababu ya kudanganya, Gaudensia," Sista Agatha, msimamizi wa hospitali, alimwambia.

"Na mimi ninayo, Sista?"

Gaudensia akaambiwa tu akae nyumbani kwake Kakese mpaka aitwe.

Leo mchana kamati ilikuwa inakaa kumaliza jambo hilo. Barua ya kumfukuza ilikwishaandaliwa, na jina lake lingepelekwa polisi. Na leo hiyohiyo lori lingekuja kubeba mashine kuu na skrini zake, maana kompyuta mpya zilikuwa tayari zimejazana kwenye maboksi koridoni. Mashine ikishapakiwa hakutakuwa na wa kumuuliza chochote, na neno la Gaudensia litabaki neno la mtu aliyefukuzwa.

Danford aliletwa kutoka Sumbawanga kufunga hizo kompyuta mpya, basi. Hakuna aliyemtuma kuchunguza. Ila alipokuwa akihamisha kumbukumbu za zamani aliona kitu kilichomkera. Dakika ileile Marsela alipopata jibu, mzee mmoja aliyekuwa akipimwa kwa Gaudensia alikosa lake, na ikabidi atobolewe kidole upya. Jibu moja limepotea huku, jibu moja limezuka kule. Akamwendea Sista Agatha kuomba apewe muda, naye akampa kama mtu anayetoa sadaka asiyoiamini.

"Mpaka lori lije," alisema.

"Unajua mashine hii haimjui mtu," Danford alimwambia Emelyne walipoanza. "Haijui meza wala kiti. Inajua jina la kituo tu. Skrini ikiamka, mashine inaipa jina. Mimi nahisi kuna namna fulani inagawa majina ovyo. Ila kuhisi hakusaidii, dada Eme. Lazima ifanye mbele yangu. Siku ile, umeme uliporudi, nani aliwasha skrini?"

"Mimi, fundi."

"Basi leo utawasha wewe. Nataka mikono ileile."

Emelyne alifurahi kupita kiasi. Yeye ni mhudumu wa maabara. Anafagia, anaosha vioo, anachemsha vifaa, anafungua asubuhi na kufunga jioni. Alizaliwa Katumba, kwa wazazi waliovuka kutoka Burundi, na alipofiwa na mume alikuja mjini kutafuta kibarua cha kufua mashuka ya wodini. Gaudensia ndiye aliyemtoa kwenye mashuka. Alimwona akisoma maandishi ya maboksi ya dawa kwa kunong'ona, akaenda kumwombea kazi ya maabara, na alipoambiwa binti huyu hana mtu wa kumdhamini akasema, mtu wake ni mimi. Tangu hapo Emelyne hakumwita kwa jina hata mara moja. Alimwita mama, na hakuwa na maana ya heshima ya ofisini. Kwa hiyo kila aliposhusha swichi asubuhi ile aliomba kimoyomoyo mashine ikosee. Aliomba kwa Kiswahili, na ilipozidi kukataa akaomba kwa Kirundi.

Mashine haikukosea. Danford alijaribu kukata umeme kwa muda mfupi, kisha kwa muda mrefu hadi friji ikaanza kutoa jasho. Alichomoa nyaya na kuzichomeka upya. Alijaribu kuandika jibu haraka, kisha taratibu kwa vidole viwili kama anavyoandika Gaudensia. Kila mara Emelyne aliwasha kama Bruda alivyowafundisha. Bruda huyo, mtawa aliyeifunga mashine ile zamani na kuilea kama ng'ombe wake, aliacha agizo moja ambalo hospitali nzima inalijua: skrini ziwashwe kwa mpangilio, kuanzia mlangoni. Danford aliambiwa agizo hilo siku ya kwanza. Hakuwa na haja ya kuuliza kama siku ile lilifuatwa, maana alikuwa akimwona Emelyne akilifuata kwa macho yake mwenyewe.

Joto la kabla ya mvua lilikuwa limeshuka hadi sakafuni. Nje, mama anayeuza dagaa wa Ikola getini alikuwa amehamisha beseni lake kivulini. Danford akavua miwani akaifuta kwa shati.

"Labda alisahau tu," akasema. "Labda kweli aliinuka na hakumbuki. Mtu akichoka anafanya vitu."

"Mama hakuinuka."

"Ulimwona?"

"Nilikuwa hapahapa, fundi."

"Uliiambia kamati?"

"Waliniambia nitoke nje. Wakasema mhudumu hahusiki."

Danford akavaa miwani yake. Alikuwa na hasira, lakini hakujua amwelekezee nani, na hasira ya namna hiyo humchosha mtu bure.

Sista Agatha akatokea mlangoni, mwembamba, mweupe kwa mavazi, funguo kiunoni. Hakuingia.

"Fundi, lori limeshatoka karakana. Umepata nini?"

"Bado, Sista."

"Bado, au hakuna?"

Danford akaitazama mashine. "Naomba jaribio moja la mwisho."

"Jaribu. Nimemwita Gaudensia aje kuchukua vitu vyake kwenye droo kabla meza hazijasogezwa. Msimwambie maneno ya kumpa tamaa. Wewe unaondoka, mimi ndiye nitakayebaki naye." Akageuka, na funguo zake zikasikika koridoni mpaka mwisho.

Emelyne akaenda kwenye swichi. Jaribio la mwisho. Likishindikana, kibarua cha mama kimeota nyasi, na kule Mamba watasema mtoto wao Gaudensia alitaka kumuua mtoto wao Marsela. Atafukuzwa kazini na kufukuzwa kijijini kwao kwa wakati mmoja. Akashusha swichi kabla hajaambiwa.

Skrini zikafa. Mashine kuu ikaanza kulia pii, pii.

Ndipo Gaudensia akaingia. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na amebeba mfuko mtupu wa kutilia vitu vyake. Wiki mbili zilikuwa zimemkondesha usoni. Akasimama mlangoni kwake mwenyewe kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Hodi humu," akasema.

"Shikamoo mama," Emelyne akasema, na magoti yakakunjika kidogo yenyewe.

"Marahaba mwanangu. Kumbe mko gizani. Endeleeni na kazi, mimi nachukua vyangu naondoka."

"Karibu mama, karibu ukae." Emelyne akavuta kiti cha meza ya makundi ya damu, akakifuta kwa kitambaa chake, akakifuta tena. Gaudensia akakitazama kile kiti, akasita, kisha akaketi pembeni pembeni, mfuko magotini.

"Rudisha," Danford akasema bila kugeuka. Alikuwa akitazama dirishani kama lori limefika.

Emelyne akapandisha swichi. Akawasha skrini. Danford akaja, akamwomba Gaudensia samahani, akainama juu ya bega lake, akaandika B kwa kidole kimoja. Akaenda kwenye skrini ya kona akiburuta miguu.

Akafuata mstari kwa kidole.

"Limekwenda wapi?" Emelyne akauliza.

"Ubwabwa."

Hakulitamka kwa furaha. Alilitamka polepole, kama mtu anayeogopa kulitisha likimbie. Akasoma tena. Jibu B, mgonjwa Ubwabwa, kutoka kituo cha kwanza. Akamtazama Gaudensia aliyeketi kwenye kituo cha tatu, mfuko magotini, hajui kinachoendelea.

"Mama, hujainuka hapo?"

"Niinuke niende wapi?"

"Dada Eme." Danford akamgeukia. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, fundi."

"Umefanya. Umeme umerudi, ukaenda wapi?"

Emelyne akafungua mdomo kusema mlangoni, na akaona mikono yake. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umeshika kiwiko cha mkono wa kulia. Ndivyo marehemu mama yake alivyomfundisha kule Katumba, kwamba mkubwa hapewi kitu kwa mkono mmoja uliolegea, iwe maji, iwe chumvi. Na kumwashia mtu skrini yake, kwa Emelyne, kulikuwa kumpa kitu. Kila umeme ulipokatika mama akiwa kazini, skrini ya kwanza kupata moto ilikuwa ya mama, ili asikae akisubiri mashine ijifikirie. Hakuwahi kuamua kufanya hivyo. Ni mambo ambayo mtu hayakumbuki, kama asivyokumbuka asubuhi alivaa kiatu kipi kwanza.

"Nimemwashia mama," akasema.

"Kwanza?"

"Kwanza."

"Na asubuhi yote hii ulianzia mlangoni."

"Kiti kilikuwa kitupu, fundi. Ningemwashia nani?"

Danford akajipiga paji la uso. Maneno yakamtoka mbio. Zamani, alisema, umeme ukikatika kila kitu kilikufa pamoja, na mashine kuu ilipoamka ilizikuta skrini zote zinaiangalia, ikazipa majina kwa kufuata nyaya. Asubuhi pia Emelyne anawasha skrini zote kabla ya mashine kuu, kwa hiyo hakuna neno. Lakini wakati wa kipupwe walifunga hii betri ya akiba. Sasa skrini zinakufa, mashine kuu inabaki macho, na skrini zikirudi moja moja inazipa majina kwa kufuata nani amewahi. Ya kwanza kuamka inaitwa kituo cha kwanza, hata kama iko mezani kwa mama, na inaletewa faili lililokuwa wazi mlangoni bila kuonyesha jina la mgonjwa. Inauliza jibu tu.

"Siku ile faili la mlangoni lilikuwa la Marsela," akamaliza. "Mama Gaudensia aliandika jibu sahihi la mzee wake, mezani pake, na mashine ikalibeba ikampa Marsela. Hakuinuka. Sijui imeshafanya hivi mara ngapi na hatukujua."

Gaudensia alifumba macho. Midomo yake ilicheza, pengine alikuwa anasali. Alipoyafumbua hakumtazama Danford. Alimtazama Emelyne, na Emelyne akaona kwamba mama ameelewa kabla yake.

Kisha na yeye akaelewa.

Mkono ulioupeleka mfuko wa kundi B kwa Marsela ulikuwa huu alioushika kiwiko. Asubuhi nzima alikuwa akimwomba Mungu jambo hili litokee, na Mungu alikuwa akimkatalia. Alitamani angeendelea kukataa, na papo hapo akajichukia kwa kutamani hivyo, maana kutamani hivyo ni kutamani mama afukuzwe.

Funguo zikasikika koridoni.

"Sikilizeni," Gaudensia akasema upesi, kwa sauti ya chini. "Siku ile skrini yangu niliwasha mimi mwenyewe."

"Lakini dada Eme amesema—" Danford akaanza.

"Amekosea. Niliwasha mimi. Mtu mzima hangoji kuwashiwa."

Danford akawatazama wote wawili. Hakuwa mjinga. Alijua agizo la Bruda, na alijua Sista Agatha atauliza ni nani aliyelivunja. Mpimaji aliyefundishwa na Bruda mwenyewe, akilivunja, anafukuzwa vilevile, tofauti ni barua tu. Mhudumu mwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja hahitaji hata barua. Akawaachia wenyewe, kwa sababu hilo halikuwa lake kulisema.

Sista Agatha aliingia, na safari hii aliingia mpaka katikati ya chumba. Nje lori lilikuwa likirudi kinyumenyume, mtu akilipigia kelele, njoo, njoo, kata kulia.

"Imefanya, Sista," Danford akasema. "Imefanya kama siku ile."

Akamweleza. Sista alisikiliza mikono ikiwa imefungwa kifuani, uso haubadiliki.

"Mara moja ni ajali," akasema. "Niione. Na aliyewasha siku ile awashe tena mbele yangu. Ni nani?"

Gaudensia akaweka mfuko wake sakafuni na kuanza kuinuka.

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Hakuna ambaye angemlaumu Emelyne, kwa sababu hakuna ambaye angejua, isipokuwa fundi anayerudi Sumbawanga kesho na mama ambaye asingesema mpaka kaburini. Watoto wake wawili walikuwa Katumba kwa dada yake, na walikula kwa kazi hii. Akapiga moyo konde.

"Keti mama," akasema. "Ni mimi, Sista."

"Emelyne," Gaudensia akasema.

"Hapana mama. Wewe ulikuwa unaosha mikono kule kwenye sinki. Ulipokuja kukaa uliikuta inawaka. Uliniambia asante."

Gaudensia akabaki nusu amesimama, nusu ameketi, mikono juu ya meza. Halafu akaketi. Alikumbuka ile asante.

Danford akafungua upya mafaili ya Dagaa na Ubwabwa. Emelyne akashusha swichi, skrini zikafa, mashine kuu ikalia. Akapandisha. Kutoka kwenye swichi hadi meza ya makundi ya damu ni hatua chache tu, unaipita skrini ya mlangoni njiani. Akaipita. Kila mtu alikuwa akimtazama, na kitu alichokuwa akikifanya bila kujua sasa alipaswa kukifanya akijua, mbele za watu, na kikawa kizito kama ndoo iliyojaa. Akanyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto ukaja wenyewe kwenye kiwiko. Akabonyeza. Kisha akarudi akawasha ya mlangoni, na ya malaria, na ya kona.

Danford akaandika B. Sista Agatha akaenda mwenyewe kwenye kona, akainama karibu na maandishi ya kijani.

"Ubwabwa," akasoma. Hakuna aliyecheka. "Kituo cha kwanza."

Alipoinuka alimtazama Emelyne.

"Bruda aliwafundisha muanzie wapi?"

"Mlangoni, Sista."

"Ulilisahau?"

"Sikulisahau. Ila mama akiwepo siwezi kuanza kwa mwingine."

Sista alikuwa mtoto wa Kifipa, mwenye bibi kijijini kama sisi sote, na mkono wake wa kushoto ulikwenda kwenye kiwiko chake cha kulia, ukagusa, ukashuka.

"Fundi, andika ulichokiona, chote, upige na picha," akasema. "Kamati nitaiambia Gaudensia hakuinuka kwenye kiti chake. Na wale wa wodini nao watajieleza, maana hata mashine ikikosea kipimo cha kulinganisha kipo. Hilo nilipaswa kulisema mapema." Akapumua. "Gaudensia, nilikuuliza vibaya siku ile."

"Uliniuliza, Sista," Gaudensia akasema.

"Na wewe Emelyne, Jumatatu asubuhi uje ofisini kwangu."

Sauti yake haikuwa ya hasira. Haikuwa ya huruma pia. Emelyne aliitafuta maana yake mpaka funguo zilipopotea koridoni, na hakuipata.

Wapakizi wakaja. Danford alipochomoa betri ya akiba, mashine kuu ilinguruma kwa kushuka, taratibu, mpaka chumba kikawa na ukimya ambao hakuna mfanyakazi wa pale aliyewahi kuusikia. Waliibeba watu wanne. Skrini zikafuata, moja moja, nyaya zikiburutwa nyuma. Danford akaaga kwa kushika mikono yote miwili ya Emelyne, akafuata lori kwenda kusaini.

Wanawake wawili wakabaki na meza nne. Juu ya kila meza palikuwa na mraba msafi mahali skrini ilipokaa miaka yote, na kuzunguka mraba, vumbi jekundu la Mpanda ambalo kitambaa kilikuwa hakilifikii.

"Jumapili nakwenda Mamba kwa bibi yake Marsela," Gaudensia akasema. "Nilikuwa naogopa kwenda. Sasa nakwenda."

"Nitakuja na wewe."

"Watakuuliza."

"Najua mama."

Gaudensia akavuta kiti chake, kile kilichofutwa mara mbili, akaketi vizuri sasa, mgongo wote. Aliweka mikono kwenye mraba ule mtupu. Emelyne akalowesha kitambaa kwenye sinki, akakikamua. Akageuka, akasimama katikati ya chumba, kitambaa kikidondosha maji sakafuni. Miguu yake ilikwishaelekea kwenye meza ya makundi ya damu. Akaisimamisha.

"Nianzie wapi, mama?"

Gaudensia alimtazama binti huyu aliyesimama na kitambaa chake, na macho yakamjaa maji, akayaacha yajae.

"Anzia mlangoni," akasema.

Emelyne akaenda mlangoni. Akaanza kufuta, akiwa amempa mama mgongo, akisugua vumbi kwa nguvu kuliko lilivyohitaji. Nyuma yake Gaudensia alikwisha kuinua viwiko vyake kutoka mezani, akaviacha juu hewani, akisubiri kitambaa kifike na kwake.